Bolti Nne za Mparachichi

Jumanne asubuhi Tusekile alifungua duka lake la vifaa vya ujenzi pale mtaa wa Bagamoyo, mjini Tukuyu, akachagua bolti nne ndefu, nati zake, washa nane pana za kuwekea chini ya nati, keke ya kutobolea mbao na spana ile kubwa ambayo mafundi wameipa jina lisilotamkika mbele ya mkwe. Akafunga duka, akapanda bodaboda kurudi Kinyala. Mparachichi uliokuwa nyuma ya nyumba yake ulikuwa umepasuka kwenye panda siku ya Jumapili, watu wakiwa kanisani, kwa mvua na kwa uzito wa matunda. Nusu moja ilikuwa imeinamia chumba wanacholala watoto. Ndani ya ufa alikuwa amekaa baba mkwe wake, Mzee Ambakisye, aliyezikwa miaka minne iliyopita.

Kukaa kwake mle hakukumshangaza mtu. Mti aliupanda mwenyewe, na nyumbani hakubakiziwa hata kiti. Kilichomnyima Tusekile usingizi ni maneno. Kila mvua ilipokatika mzee alirudia jambo lile lile: kwamba shamba lote, kuanzia mtoni hadi barabarani, alimpa binti yake Imakulata, na kwamba alilisema hilo mbele ya mwanawe Lutufyo, na Lutufyo akaitikia.

Lutufyo ndiye mume wa Tusekile. Baada ya mazishi aliwaambia watu kwamba shamba kaachiwa yeye, akajenga juu yake nyumba ya vyumba sita na kuiezeka kwa bati la msauzi, lile la bei ghali. Imakulata alibaki kwenye kibanda kilichokuwa jiko la mama yao, akichuma chai ya watu.

"Alikuwa na homa," Lutufyo alimwambia mkewe Jumatatu jioni, akila. "Mtu mwenye homa anaongea mengi."

"Sasa hivi hana homa."

"Wewe funga mti, mama Neema. Utaangukia watoto."

Hapo alisema kweli, na ndilo lililomuuma Tusekile zaidi. Yeye Lutufyo, kama mwana, aliruhusiwa kumtazama baba yake machoni, na ndiyo maana tangu Jumapili hakukanyaga nyuma ya nyumba.

Tusekile hakuruhusiwa. Kwa mila za kwao mke hamtazami baba mkwe usoni, hamtaji jina wala hazungumzi naye. Vijana wengi wameshaziacha, lakini mzee alikufa akiwa anazishika, na kufa hakukumlegeza. Basi Tusekile alijifunika kanga uso mzima akafanya kazi kwa kupapasa. Aliuzungushia mti kamba, akaisokota kwa mpini wa jembe mpaka nusu mbili zikaanza kusogeleana, halafu akatoboa. Ili asimchome mzee alipima nafasi kwa kijiti, kwa kuwa kumgusa nako ni mwiko, na alipokuwa na la kumwambia aliiambia ndoo iliyokuwa kando yake.

"Ndoo, mwambie mwenye mti ainamishe kichwa kidogo."

Mzee aliinama. Bolti ya kwanza ikapita juu ya kisogo chake, ya pili chini ya kwapa.

"Ndoo," mzee akasema, "mwambie huyo mama kwamba amenisikia."

Tusekile alisimama na keke mkononi. Alikuwa amemsikia vizuri sana. Alifikiria watoto watatu na vyumba sita, akafikiria kupanga vitanda kwenye lori huku majirani wamesimama barabarani. Akaanza kutoboa tundu la tatu.

Bolti ya tatu ilikuwa imeingia, lakini mti ulikataa kusogea zaidi, ndipo Imakulata alipopita akitoka kuchuma, kikapu mgongoni.

"Wifi, mbona unajitesa peke yako? Ngoja nikusukumie."

"Acha tu, wifi. Umechoka."

"Sasa ukiangukia watoto?" Imakulata alikwisha kutua kikapu. Akaegemeza bega kwenye ile nusu iliyoinama, akamwamkia baba yake ndani ya ufa kwa Kinyakyusa, "Mugonile, tata."

"Imakulata," mzee akasema. "Mwanangu, hili shamba..."

Tusekile akazungusha nati. Spana ilimteleza mara mbili kwa jasho la viganja, na mara ya tatu ikashika. Sauti ikawa kikohozi.

"Anasema shamba limefanyaje?"

"Anakohoa."

"Hicho kifua chake," Imakulata alisema. "Hakijapona mpaka leo."

Ufa ulikuwa umebaki upana wa kidole. Imakulata aliweka jicho pale, maana binti anaruhusiwa. Tusekile, akiwa chini ya kanga, hakuona kitu, akasubiri tu, na akajua kwamba wifi yake akiuliza tena swali lile lile atamwambia yote.

"Ananitazama," Imakulata alisema. "Midomo inacheza. Ana uchovu." Akaondoa jicho. "Tumwache baba apumzike. Kaza, wifi, mimi nasukuma."

Akasukuma kwa nguvu zote alizobakiza baada ya siku nzima ya chai, na bolti ya nne ikaingia bila taabu. Nati ilizunguka mara saba. Kisha mvua ikaanza.

Mti ulipona. Gome lilianza kuzimeza washa, na msimu uliofuata ulizaa kupita miaka yote. Ndani yake pakawa na mlio wa kugonga taratibu, hasa mvua ikikatika, na watu wa nyumba ile wakauzoea. Kila Jumamosi Tusekile alijifunika kanga, akaenda kuongeza nati nusu mzunguko.

Jumamosi moja Imakulata alimkuta pale. Alikuwa ameitwa kuja kuchuma maparachichi, na kwa kazi hiyo alikuwa amejaziwa ndoo moja, ile ile ya siku zile.

"Mti umeshapona, wifi. Mbona bado unajifunika?"

"Ni heshima tu," Tusekile alisema, akashika spana.

Imakulata alimsubiri amalize. Akasema baba yake alibahatika kupata mkwe mwenye adabu, akamshukuru sana, ndaga fijo, akajitwisha ndoo ya maparachichi, akashika njia ya kibandani.