Mapenzi Hujibu Baadaye

Jumatatu hiyo, katika darasa la pili la shule moja ya Butembo, mwalimu Valentin aliandika ubaoni tano kujumlisha tatu, akamwita Mapenzi, binti wa Hassan mwenye lori. Mapenzi alisimama. Alikuwa na miaka tisa, mkubwa kuliko wenzake wote, na alimtazama mwalimu vizuri bila kusema kitu. Valentin alimngojea kwa muda wa mtu kupiga chafya, kisha akamwita mwingine. Mchana, watoto wakiwa wameshatawanyika, alikuwa amebaki peke yake akisahihisha kazi. Sauti ya Mapenzi ikasema kutoka kwenye benchi lake, "Nane." Valentin akainua kichwa, akaona benchi tupu, akaendelea kusahihisha. Serikali ilikuwa imemtuma huku kutoka Kasai, na alishazoea kwamba kila mji una mambo yake.

Nyumbani ilikuwa vilevile. Rachida, mama yake, alimuuliza asubuhi kama tumbo linauma, ili jioni apate kujua. Lililomnyima amani ni moto. Mwaka uliopita, akichambua maharagwe, alisikia mtoto akilia jikoni kilio cha kuungua. Alikimbia, akakuta jiko limezimwa zamani. Mapenzi alikuwa uani akicheza na kifuniko cha bidoni la maji, ametulia, na malengelenge ya mkononi yameshaanza kupasuka. Tangu hapo, kila alipomwogesha, Rachida alimpapasa mwili mzima. Aliogopa kilio ambacho bado kilikuwa njiani.

Siku chache baada ya Jumatatu ile, mkuu wa shule, Madame Jeannine, akamwita Rachida ofisini, mwalimu Valentin akiwepo.

"Mama Mapenzi, benchi ya mutoto yako inasumbua. Jana tulikuwa na mukutano ya bazazi ya batoto mule ndani, yeye anaanza kuhesabu."

"Anahesabu muzuri?"

"Muzuri, mais saa ilikuwa imepita."

"Jibu yenye kuchelewa hapana jibu," Valentin akasema, akitazama viatu vyake. "Batoto ni wengi, na inspecteur anakuya. Abaki kwanza nyumbani."

Dada zake Hassan walisema mtoto ana laana, afadhali apelekwe Vuhovi kwa koko yake, mama yao mzee, akakae shambani mbali na macho ya watu. Rachida aliomba muda. Akapanda lori la mumewe na mtoto hadi Beni. Hassan aliposhusha mizigo sokoni, yeye alichukua pikipiki hadi Mulekera, kwa muuguzi Jokébed, ambaye huwapokea watoto waliochelewa kutembea au kusema.

"Wakati alizaliwa, alilia?" Jokébed akauliza.

"Hapana. Nilizaa kwa shida, bakamupiga mugongo, kimya tu. Alilia wakati tulishatoka maternité, bauguzi banasema, kule kwa kitanda. Babadilisha mashuka ya kitanda yangu, mais kilio iliendelea."

Jokébed akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa kuhusu homa.

"Hii hapana uchawi, na hapana uvivu. Kichwa yake inafanya kazi, mais polepole. Pengine ni ile kuzaliwa ya shida. Umuulize kitu moja tu, na maneno mafupi, umuonyeshe na mukono. Kisha ungojee."

"Niko nangojeaka."

"Unangojea ukiwa wapi?"

Rachida alikuwa akingojea huku anafua, au anapika, au yuko sokoni na mtoto yuko kwingine.

Jokébed akaweka machungwa mawili mezani. "Kubwa ni gani?" Akakaa. Nje watu walikohoa ili wakumbukwe. Mtu akafungua mlango, akaufunga. Kivuli cha ukuta kikavuka ua. Jokébed hakuhema kwa uchovu wala hakurudia swali. Mwishowe Mapenzi akafungua kinywa, na sauti ikatoka humohumo kinywani. "Hii."

"Ni vile," Jokébed akasema, akampa chungwa. "Akiwa hapa, na wewe uko hapa, hapana shida."

Njiani kurudi, Rachida alimweleza Hassan yote. Hassan alisikiliza huku macho yake yakichunguza vichaka, kama wafanyavyo madereva wote wa barabara ile, wakihofia wenye bunduki.

"Sasa nani atamungojea?" akasema. "Camion haingojee mutu."

Madame Jeannine naye alimsikiliza Rachida hadi mwisho, akasema kengele inalia kwa wote.

Basi asubuhi moja lori lilikuwa linanguruma mbele ya nyumba, likienda Vuhovi kuchukua maharagwe. Rachida alikuwa amemshika mtoto mkono.

"Koko yake hasikie muzuri," akasema. "Akiungua, nani atasikia?"

Hassan akapiga magoti ili nyuso zilingane, kwa sababu alimpenda binti yake.

"Mapenzi, utaenda kwa koko, ama utabaki?"

Mtoto akamtazama.

"Umungojee," Rachida akasema.

"Niko nangojea."

Alingojea kweli. Alingojea mpaka abiria walioketi juu ya magunia wakaanza kupiga bodi, wakisema barrière ya barabarani itafungwa. Hassan akasimama, akapangusa magoti.

"Mwenye kunyamaza amekubali," akasema. Akamvika mtoto koti lake mwenyewe, akamwinua, akamketisha karibu na dirisha.

Alasiri, Rachida alikuwa anaanika nguo. Pale alipopiga magoti Hassan, sauti ya Mapenzi ikasema, "Hapana."

Rachida akampigia mumewe simu, akamwambia jibu hilo.

"Mbona hakusema pale nilimuuliza?"

"Amesema."

"Nimeshamuacha kule, Rachida. Kesho niko na muzigo ya Beni. Tutaona."

Jirani akauliza juu ya ukuta kama Mapenzi amerudi. Rachida akasema hajarudi, anajibu tu. Jirani akaendelea kutwanga sombe ya majani ya muhogo.

Rachida akaziacha nguo kwenye beseni, akaleta kigoda, akakaa mahali pale, mikono magotini. Mtoto hakuwa amemaliza.

"Mama," sauti ikasema, kisha ikatulia, ikitafuta neno linalofuata.