Maneno Yaliyokatikia Mlimani

Usiku wa jana niliota mguu wangu wa kulia umeamka kabla yangu. Umeketi ukingoni mwa kitanda, unafungua bandeji.

"Tunakwenda wapi?" nikauuliza.

"Mpakani," ukasema. "Mtu hawezi kulala na nusu ya sentensi sikioni."

Hapo lazima nieleze. Mke wangu Nakiete ni mpishi wa misafara ya wageni wanaotembea kwa miguu kwetu Upare. Safari yenyewe ni ya siku tatu: unapanda msituni, unafuata mgongo wa mlima, unavuka Korongo la Ngodo, unateremka hadi kwenye jiwe jeupe la mpakani, na ng'ambo yake ni Kenya. Njia hiyo niliifyeka mimi. Kidole changu cha mwisho cha mkono wa kushoto kina nusu tu. Nusu nyingine niliiacha huko siku panga lilipoteleza. Miaka kumi na sita nimeongoza wageni humo bila kujikwaa. Wiki mbili zilizopita nikateguka kifundo kwenye kizingiti cha jiko langu mwenyewe, na msafara akapewa Kajiru.

Kajiru ana miaka thelathini na mbili, mabuti mapya na meno yote. Sina neno naye.

Jana jioni Nakiete alinipigia simu kutoka kambini, juu kabisa. "Baba Nakunda, usiwe na wasiwasi," akasema. "Mimi nitakuwa na Kajiru mpaka—"

Mtandao ukakatika. Nikapiga mara kumi na tisa. Yule mama wa kwenye simu akanijibu mara kumi na tisa kwamba namba haipatikani, kwa upole wa mtu anayejua jambo ila hataki kulisema.

Mpaka lini? Mpaka kufa? Mimi mwenyewe niliahidiwa mpaka kufa, kanisani, mbele ya mashahidi waliokula pilau wakamaliza.

Basi, mguu na mimi tukafungua mlango wa jikoni. Nje ni mchana kweupe. Uwanja haupo, kuku hawapo, pipa la maji halipo. Msitu unaanzia kizingitini.

"Shikamoo, baba," ikasema njia.

"Marahaba. Umemwona mama yako?"

"Alipita. Yeye, wageni watano, wapagazi wanne na Kajiru."

"Kajiru alikuwa mbele au nyuma?"

"Mbele. Mwongozaji hukaa mbele, baba, si ndivyo ulivyonizoesha?"

"Na mama yako?"

"Mpishi hukaa nyuma. Ila mimi najua nyayo tu. Nyayo za mama zilifika mbele mara mbili."

"Mara mbili!"

"Ya pili zilikaa kidogo."

Nikaiuliza mpakani ni kilomita ngapi, ingawa nilizipima mwenyewe kwa kamba. Ikasema thelathini na nane. Kifundo kikaguna.

"Basi sema uongo," ikanishauri njia.

"Mimi? Mzee wa kanisa?"

"Njia ya mwongo ni fupi, baba. Ndiyo sheria yetu. Tunafundishwa tangu tukiwa vichochoro."

Nikafikiri. Nikakohoa. "Sina wivu," nikasema.

Njia ikajikunja kama mkeka. Kilomita kumi zikapita chini ya mguu wangu kwa mkupuo, mikaratusi ikanipiga mashavuni, na nikajikuta pale kwenye chemchemi tunapojazia maji.

"Kajiru ni kijana mzuri. Namwombea mema kila jioni." Kilomita nane.

"Nilifurahi sana alipopewa msafara wangu." Hapo zikaenda kumi na mbili, na sikio likaziba kwa jinsi nilivyopanda ghafla. Sasa niko mgongoni mwa mlima. Kushoto ukungu, kulia ukungu, na upepo unaonuka moto wa kuni.

"Mabuti yake sikuyatazama hata mara moja," nikasema.

Mabuti ya Kajiru yakatokea yanakuja. Yalikuwa yenyewe, bila mtu ndani, yanatembea sambamba kama askari wawili waliopewa likizo.

"Mwenyewe yuko wapi?" nikauliza.

"Amevua viatu," likasema buti la kulia.

"Amevua viatu wapi?"

"Kwenye moto."

"Kwenye moto na nani?"

"Na mpishi. Moto si wa mpishi?"

Nikayaambia yasinichezee. Nikayauliza walikuwa wanazungumza nini. Yakasema yenyewe ni viatu, yanasikia ya chini tu, lakini jambo moja yalilisikia vizuri: Kajiru aliomba ukoko.

Nikasimama. Msomaji ambaye hajaoa Upareni huenda asielewe. Kwangu, Nakiete akishapakua wali, anabandua ukoko taratibu kwa mwiko, unatoka mzima, ananiwekea kwenye sahani yangu ya bati. Nakunda ni mwanangu wa pekee na hajawahi kuugusa. Wapo wanaume wanaowekewa paja la kuku. Mimi nawekewa ukoko, na sijawahi kumwonea gere mwenye paja.

"Akapewa?"

Buti la kulia likalitazama la kushoto. La kushoto likafungua kamba zake, likazifunga upya.

"Nauliza, akapewa?"

"Tulikuwa tunakaushwa," yakasema kwa pamoja. "Tuligeuziwa upande wa pili."

"Haidhuru," nikasema. "Ukoko ni ukoko tu."

Huo ulikuwa uongo mkubwa kuliko yote. Kilomita nane zilizobaki zikaisha papo hapo, mabuti yakabaki nyuma sijui wapi, na vidole vyangu vya miguu vikasimama ukingoni mwa Korongo la Ngodo.

Daraja halipo. Chini, mbali sana, mto unapita na shughuli zake. Ng'ambo iko hatua arobaini, na njia imeishia kwenye kucha zangu.

"Umenimaliza, baba," ikasema njia kwa sauti ndogo. "Nimebaki pa kusimamia tu."

"Mama yako yuko ng'ambo. Nifanyeje?"

"Uongo unafupisha. Kinachorefusha unakijua."

Nikakijua, ila sikukitaka. Nikatazama huku na huku kama kuna mtu wa kanisani.

"Nina wivu," nikasema.

Njia ikasogea mbele hewani hatua moja, nyembamba kama ubao wa kuanikia mihogo.

"Moja tu?" nikauliza.

"Hilo hata mto unalijua."

Nikasogea. "Nilimwombea mvua Kajiru. Mvua ya mawe." Hatua nne. "Wageni walipouliza nani aliifyeka njia hii, nilitaka wamwulize mbele yangu ili akose jibu." Hatua sita. "Nilificha sweta la Nakiete asubuhi anaondoka, ili aahirishe. Liko nyuma ya pipa la maji. Hakuahirisha. Ameenda bila sweta, na kule juu kuna baridi ya kuvunja mifupa."

Njia ikarefuka hatua kumi, kisha ikasimama katikati ya korongo. Nami nikasimama katikati ya korongo. Upepo ukawa unanipepea bandeji.

"Endelea, baba."

"Nimemaliza."

"Hujamaliza. Ungemaliza, ningefika."

Nikatazama mbele tu, kwa sababu kutazama chini nilikuwa nimewakataza wageni miaka kumi na sita. "Simwogopi Kajiru," nikasema. "Naogopa mguu huu hautapona. Naogopa Nakiete ataizoea njia bila mimi, na ataiona ni nzuri vile vile."

Njia ikafika ng'ambo, ikapitiliza, ikateremka mlima mzima, ikaingia kwenye nyika ya miiba na kusimama mbele ya jiwe jeupe lenye urefu wa kifua changu. Lilikuwa limepakwa chokaa muda si mrefu.

"Karibu sana, mzee wangu," likasema jiwe kwa upande wa kwetu. "Pole na safari. Za huko utokako? Watoto hawajambo? Mguu unaendeleaje? Mvua mmepata?"

"Mwambie aseme haraka," likasema kwa upande wa pili. "Tuko na kazi hapa."

"Wewe ndiye Mpaka?" nikauliza.

"Ndimi, pande zote mbili."

"Mke wangu alikutaja jana jioni. Akakatikia kwako."

"Wananitaja wengi," ukasema upande wa kwetu, kwa huzuni kidogo. "'Nitakusubiri mpaka.' 'Sitakuacha mpaka.' Wengine husita hapo, wengine mtandao huwakata. Maneno yanayobaki huja kwangu. Sijui wanadhani mimi niyafanyie nini."

Nyuma yake palikuwa na kichaka cha miiba, na mabaki ya sentensi yameanikwa juu yake kama nguo za kitoto: *Krismasi. Nipate kazi. Mama akubali. Mvua ikatike.* Yamepauka kwa jua. Kipande kimoja tu kilikuwa bado kinachuruzika maji.

"Hicho hapo ni cha huyu," ukasema upande wa pili. "Apewe aende."

"Aweke mkono kwanza," ukasema upande wa kwetu. "Apa, mzee wangu, kwamba utalisoma neno lote. Ninyi wenye wivu mna tabia ya kusoma nusu."

Nikaweka mkono wa kushoto kifuani mwa jiwe. Chokaa ilikuwa mbichi na baridi. Nikaapa. Nikakichukua kile kipande, nikakikunjua.

Herufi ya kwanza ilikuwa M.

Mauti inaanza na M. Milele inaanza na M. Wivu ukanipanda kutoka kwenye kifundo hadi kwenye nywele, nikakikunja tena kabla sijaona herufi ya pili.

"Si nilisema?" likasema jiwe, na safari hii pande zote mbili zilisema pamoja.

Nikaamka.

Jua limeshachomoza. Bandeji iko mahali pake, mguu umelala kama mguu. Nikainua mkono wa kushoto kujifuta uso, na kiganja kikawa cheupe. Nikakinusa: chokaa. Nyumba yangu ni ya matofali ya kuchoma, haijawahi kupakwa kitu.

Simu ikalia. Namba ya Kenya.

"Umeamkaje, Baba Nakunda?" Alikuwa Nakiete. "Nimeazima simu ya mama mmoja ananisindikiza kidogo huku nyikani, laini zetu hazishiki. Jana tulikatika. Nilikuwa nakwambia nitakuwa na Kajiru mpaka mpakani, halafu yeye anaendelea na wageni, mimi nageuza. Tulitoka kambini usiku wa manane, wameshavuka."

"Mpaka mpakani," nikasema.

"Kwani ulidhani mpaka wapi?"

Nikasema mtandao wa siku hizi haufai kabisa. Akakubali. Kisha nikamwuliza kama wageni walipenda wali.

"Walimaliza wote. Kajiru akataka ukoko. Nikamwambia una mwenyewe, usiguse. Ninao hapa, nimeufunga kwenye jani la mgomba."

Nikamwambia alifunge vizuri hilo jani.

"Ila kuna jambo la ajabu," akasema. "Lile jiwe la mpakani wamelipaka chokaa jana. Sasa asubuhi hii lina alama ya kiganja. Cha kushoto. Kidole cha mwisho nusu." Nikamsikia anacheka, na yule mama anacheka naye bila kujua kwa nini. "Ndiyo kusema ulikuja kunichunga hadi huku?"

"Mimi?" nikasema. "Na mguu huu? Sijatoka kitandani."

Simu ikakwaruza. Nikasikia upepo, kisha nikasikia maji yanapita chini sana, na kicheko cha yule mama hakikuwepo tena.

"Baba Nakunda."

"Naam."

"Nimeondoka na simu ya mtu. Na hili si Korongo la Ngodo? Mbona nimefika?"

Nikaketi, nikakitazama kiganja changu, nikaisogeza simu karibu na mdomo.

"Sijakukumbuka hata kidogo," nikamwambia.

"Heh! Baba Nakunda, chemchemi hii hapa!"

"Wala sikukungoja. Nyumba haijapwaya. Ukitaka kaa huko huko wiki nzima, mimi nalala vizuri tu."

Nje kuku wakatawanyika kwa kelele, kama wanavyofanya mtu anapoingia uwanjani kwa ghafla. Pipa la maji likagongwa na kitu, sufuria nadhani, na hatua zikasimama pale pale karibu nalo.

Ndipo nilipokumbuka sweta.