Mfereji Wangu Ulionyooka

Mwaka wa pili baada ya Manyara kuwa mkoa, barabara ya kwetu Tlawi ilipanuliwa. Mkandarasi alimwaga kifusi katikati ya tindiga, kwenye majimaji pale kijito kilipokuwa kikipunguza mwendo na kutandaa kwenye mafunjo. Walipoondoka na makatapila yao, maji yalituama upande wa juu wa kalavati yakaanza kunuka. Upande wa chini, chemchemi tulizonyweshea ng'ombe zilikauka.

Kijiji kililalamika hadi mkandarasi akarudi kuzoa kifusi chake. Kilichobaki tuliambiwa tukirekebishe wenyewe, na mkutano ukaniteua mimi, Basili, kusimamia. Nilikuwa nimestaafu baada ya kufundisha jiografia miaka thelathini. Niliijua mito ya nchi za mbali kwa majina, ila kijito kilichopita nyuma ya nyumba yangu sikuwa nimewahi kukitembea kutoka mwanzo hadi mwisho.

Nilichora ramani kwa rangi tatu nikaibandika ukutani kwenye ofisi ya kijiji. Ilionyesha mfereji mmoja, umenyooka kama rula. Mama Bernadina, mjane ambaye shamba lake la vitunguu saumu linapakana na tindiga, aliuliza maji yatapumzika wapi. Nikamjibu kwamba maji hayachoki. Watu walicheka, nami nikarudi nyumbani nimefurahi kiasi kwamba nilimsimulia mke wangu Evaline jibu hilo mara mbili. Hakucheka hata mara moja.

Tulichimba wiki tatu. Nilipita na kamba yangu nikipima, na jirani yangu Renatus aliposema tunang'oa mafunjo yaliyobaki, nilimwambia yanaharibu mstari.

Mvua za Novemba ziliponyesha, maji yaliutii mfereji wangu bila ubishi. Yalishuka kwa kasi, yakabomoa kingo, yakafika mwisho wa mfereji bado yana nguvu, yakaingia shambani kwa mama Bernadina. Nusu ya vitunguu vyake ilikwenda.

Nilikwenda kuomba radhi. Njiani buti langu moja lilinasa kwenye tope likabaki huko, kwa hiyo nilifika mlangoni kwake mguu mmoja ukiwa na soksi tu.

"Shikamoo, mama," nilisema.

"Marahaba, mwalimu. Nilikuuliza maji yatapumzika wapi. Yamekuja kupumzika kwangu."

Nilikuwa nimeandaa maelezo marefu kuhusu wingi wa mvua. Sikuyatoa. Nilimwomba anionyeshe kijito kilipokuwa kikipita zamani.

Kesho yake alitangulia, nami nikamfuata nikichomeka vijiti. Alinionyesha visiki vya mafunjo vilivyokuwa vikichipua chini ya udongo, na mahali ambapo akina mama waliloweka nguo wakati wa kiangazi. Asubuhi nzima nilikuwa mwanafunzi wake, jambo ambalo Evaline hakuliamini nilipomweleza.

Tuliuziba mfereji kwa mawe na magunia ya udongo, tukachimba njia ya kina kifupi yenye kona, tukarudisha mafunjo. Nilipanda safu mbili nzima kabla sijagundua kwamba mama Bernadina alikuwa anakuja nyuma yangu akiyageuza. Nilikuwa nimeyapanda kichwa chini.

Msimu uliofuata maji yalitandaa hadi kwenye vifundo vya miguu, yakatulia. Chemchemi zilirudi polepole, mbili kati ya tatu. Ya tatu hadi leo tunaisubiri. Mama Bernadina alivuna vitunguu vyake vyote, na wana wangu walimsaidia kuving'oa, kwa amri yangu.

Kisha akaja mgeni kutoka mkoani akiwa na daftari, akauliza ni mtaalamu gani aliyeongoza kazi hii. Ningependa kusema kwamba nilimwonyesha mama Bernadina papo hapo. Ukweli ni kwamba nilikohoa, nikanyoosha koti, nikafungua mdomo. Evaline akanikanyaga mguu.

"Ni yule mama pale," nikasema.

Mama Bernadina alimsalimia mgeni, akamwambia avue viatu, wakashuka pamoja kwenye maji.