Kisahani Kaidi

Kaka yangu aliacha kurusha visahani siku alipookotewa kimoja.

Nasema hivyo kwa sababu nimesikia watu wakidai aliachishwa na macho. Waongo. Macho yalianza kumfifia mwaka mmoja na miezi minne kabla ya hapo, na muda wote huo alikuja uwanjani kila Jumamosi, mkoba begani, akarusha kama sisi wengine. Daktari alimweleza kwamba katikati ya uoni wake panakufa, pembeni patabaki. Ukisimama mbele yake anaona ukungu; ukisimama ubavuni anakuhesabia vifungo vya shati. Alishazoea kuitazama dunia kwa upande, kama kuku. Kilichomtoa uwanjani ni bwana mmoja mgeni, mwenye kofia mpya na moyo mzuri, aliyekiona kisahani cha kaka kwenye nyasi, akakiokota, akamshika mkono, akamwekea kiganjani na kumkunja vidole kimoja kimoja. "Hiki hapa, mzee wangu," akasema kwa sauti ya kumwambia mtoto. "Kilikuwa hapa hapa mguuni pako!" Watu wakacheka, kicheko cha huruma. Walikuwa wanne. Ninawakumbuka wote.

Mchezo wenyewe ni huu. Kuna kikapu cha chuma juu ya mlingoti, kimezungushiwa minyororo. Unasimama mbali, unarusha kisahani cha plastiki, unakifuata kilipoangukia, unarusha tena kutoka hapo, mpaka kiingie. Anayemaliza kwa mirusho michache ndiye mshindi. Hakuna sare za kuvaa wala kadi ya uanachama, ndiyo maana nikaupenda. Lakini lile neno "unakifuata" ndilo lililomkwamisha kaka yangu.

Mimi na yeye tuna historia. Tulifanya kazi kiwanda kimoja cha plastiki, cha ndoo, mabeseni na vikombe, yeye fundi wa mashine, mimi mpakiaji. Sheria za kazi nilijifundisha mwenyewe, kwa kusoma magazeti ya kufungia vikombe. Tulipogoma, nilisimama langoni siku kumi na tisa na kipaza sauti mkononi, nikabaki na jina: Kipaza. Siku ya sita kaka yangu alipita mbele yangu, akaingia kazini. Mimi nilifukuzwa. Yeye alibaki mpaka akastaafu. Miaka saba hatukusalimiana. Kisha tukakutana uwanjani bila kupanga, na kwenye mchezo huu huwezi kumnunia mtu mpaka mwisho. Neno la kwanza aliloniambia baada ya miaka saba lilikuwa "zamu yako". Tangu hapo tunacheza pamoja. La langoni hatujawahi kuligusa. Lakini kutoligusa na kulisahau ni mambo mawili.

Basi wifi yangu akanipigia simu.

"Wifi, njoo umtazame ndugu yako. Wiki ya tano hii anashinda kwenye kiti. Juzi nimefagia kumzunguka kama kabati."

Nikaenda. Nilimkuta sebuleni, redio mapajani, uso ameugeuzia ukutani ili anione mlangoni.

"Umekuja kunihutubia," akasema.

"Nimekuja kukutoa kwenye hicho kiti kabla hakijaota mizizi."

"Sikiliza, Kipaza, halafu utahutubia. Nikirusha nataka nikifuate mwenyewe. Siku nitakayolazimika kuuliza kiko wapi, mchezo umekwisha. Na visahani vyangu ni vyepesi, upepo ukivigusa vinakwenda kunakovipendeza, leo kulia, kesho kushoto. Mwenye macho anavisindikiza kwa macho. Mimi nataka kinachoanguka palepale, upepo uwepo usiwepo. Kikipatikana nitarudi. Kisipopatikana, mwambie huyo wifi yako aache kukusumbua kwa simu."

"Nakusikia!" wifi akasema kutoka jikoni.

"Ndiyo maana nimepaza sauti."

Visahani vya namna anayoitaka vipo. Sisi tunaviita vikaidi. Kisahani cha kawaida ukikirusha kwa nguvu kupita kiasi, au upepo ukikikabili, kinalalia kulia na kutokomea. Kikaidi hakikubali. Mwisho wa safari kinakata kushoto tu, ukibembeleze, ukitukane. Na kilitakiwa kiwe cha masafa ya kati, kwa sababu vile vya mbali vina mbio za kumpotea hata mwenye macho manne, na vya karibu havifiki popote.

"Kinakata kushoto siku zote?" wifi aliuliza nilipomweleza. "Kumbe wanatengeneza visahani kama wewe."

Siku iliyofuata nikampeleka kaka dukani. Muuzaji, dada mmoja mwenye kalamu iliyochomekwa kwenye nywele, alitupangia visahani juu ya kaunta na kuanza kutusomea namba nne zilizochapwa juu ya kila kimoja. Hii ya mbio, hii ya kuelea, hii ya kulalia kulia, hii ya kukata mwishoni.

"Na nani alizipima hizo namba?" nikauliza. "Alizipima kwa mkono wa nani? Kwenye upepo gani?"

"Zinatoka kiwandani, mama."

"Eeh. Nazijua namba zinazotoka kiwandani."

"Msamehe," kaka akamwambia. "Anadhani kila namba imeandikwa na meneja."

Wakati tunabishana alikuwa tayari ameviinua visahani viwili vya aina moja, rangi moja, namba zilezile. Alikuwa anapitisha kidole gumba ukingoni, polepole, kama alivyokuwa akikagua vifuniko vya ndoo kabla mimi sijavipakia. Kwenye ukingo wa kila kisahani kuna mshono mwembamba, mahali zilipokutana nusu mbili za kalibu, lile umbo la chuma kilimotengenezewa.

"Hivi si kitu kimoja," akasema. "Hiki wamekitoa kingali moto, kimevimba mgongo. Kitaelea-elea. Hiki kimepoa ndani ya kalibu, mgongo umelala, na mshono uko juu. Hiki ndicho kikaidi."

Muuzaji akavichukua, akavilaza kimoja kimoja juu ya kaunta, akainama mpaka jicho likalingana na mbao. "Mzee! Nimeviuza mwaka mzima kama mapacha."

Akapekua kasha zima kwa kidole kile. Vikabaki vitatu, cha buluu, cha njano na chekundu.

"Basi chukua kimoja," nikasema.

"Kidole kinajua kilivyotoka. Hakijui kitakavyoruka."

Yule dada akatuachia vyote vitatu tukavijaribu. Jumatano asubuhi tukaenda uwanjani, siku ambayo hakuna mtu wa kutuonea huruma. Upepo ulikuwa unatujia usoni. Kaka aliniambia nirushe mimi kwanza. Akasimama ubavuni pangu, kichwa amekigeuza, anatazama kwa pembe ya jicho. Nikarusha vyote vitatu, mara tano kila kimoja. Vyote vikaenda, vikakata kushoto, vikaanguka vizuri.

"Vyote ni vikaidi," nikamwambia. "Chagua rangi."

"Vyote ni vikaidi kwa sababu unarusha vizuri. Mimi sirushi vizuri kila siku." Kisha akasema: "Ile siku niliyoingia kazini. Uliniona?"

Nilikuwa nimeshika cha buluu. Nilikishika kwa nguvu zaidi.

"Nilikuona."

"Nilidhani labda hukuniona. Maana ulikuwa na kipaza mdomoni na hukusema kitu."

"Nilikuona toka kwenye kona ya ukuta. Ulivaa shati la kijivu."

"Ningeingia tena, Kipaza. Nakwambia ujue. Hata leo ningeingia."

Nikakirusha kile cha buluu kama namrushia meneja mwenyewe. Kikalalia kulia, kikavuka uzio, kikapotelea kwenye ua wa watu. Nikachukua cha njano, sikuvuta hata pumzi. Nacho kikalalia kulia, kikasitasita, kikadondoka mbali kabisa na pale kilipokuwa kikianguka. Chekundu nilikirusha vibaya kuliko vyote, mkono umekakamaa, mguu haujakaa. Kilitoka kikitikisika, kikaelekea kulia, moyo wangu ukasema hiki nacho kimekwenda. Halafu katikati ya hewa kikatulia, kikafikiri, kikarudi kushoto na kutua palepale kwenye kipara cha udongo kilikotua mara tano za kwanza.

Kaka alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza.

"Hicho kimeanguka kwenye udongo," akasema.

"Ndiyo."

"Bado una hasira?"

"Unaniuliza?"

"Basi kakilete ukirushe tena, hivyohivyo. Usipoe."

Nikakileta. Nilipokuwa najiandaa akasema, kwa upole, kama mtu anayezungumzia hali ya hewa, "Na hamkuwa wengi hivyo langoni. Kumi na moja."

"Arobaini na tatu! Nikutajie majina?"

"Kumi na moja. Na mmoja alikuwa muuza karanga."

Nikarusha nikiwa bado nataja majina. Kilitoka kimepinda, kikapigwa na upepo, kikatua kwenye udongo. Akanituma tena. Safari hiyo akasema hotuba zangu zilikuwa ndefu. Kikatua kwenye udongo. Akasema lile bango letu kubwa lilikuwa na kosa la maandishi. Kikatua nusu hatua kutoka kwenye udongo, na hapo ndipo nilipoelewa anachonifanyia.

"Unanichokoza makusudi."

"Nilihitaji mirusho mibaya. Mtu mzima huwezi kurusha vibaya kwa kuombwa." Alikuwa anacheka kwa mabega. Kisha akaacha. "Kwa lile la kumi na moja nilikuwa nakuchokoza. Mlikuwa arobaini na tatu, niliwahesabu mwenyewe siku ile. Lile la kwamba ningeingia tena, hapana. Hilo ni kweli."

Nilikaa kwenye nyasi. Hasira yangu naijua, nimeishi nayo kuliko nilivyoishi na mume. Najua inapopanda na inapokwisha. Haikuwa imekwisha. Ilikuwa imekaa tu, karibu yangu, kama mtu aliyechoka kusimama.

"Ulinyamaza kwa nini?" akauliza. "Wengine walioingia uliwatukana mpaka bibi zao. Mimi nilijiandaa. Nilikuwa na jibu langu tayari."

"Ulikuwa kaka yangu."

Alinyoosha mkono hewani mpaka akaukuta utosi wangu, akauweka hapo kwa muda, mzito na mkavu, bado na lile kovu la mashine kwenye kiganja. Kisha akasema, "Nipe hicho chekundu."

Nikampa. Akakipapasa mshono, akapanga miguu, akarusha. Mkono wake si kama wangu. Una miaka sitini na tisa. Kisahani kilikwenda sawasawa, kikakata kushoto mapema na kuanguka mbali na ule udongo, kama hatua ishirini pungufu.

"Hakifiki!" nikasema. "Nikakutafutie cha njano. Kile ni chepesi kidogo, kitakufikisha."

"Nimeomba kufikishwa?"

"Lakini kaka, kimeanguka karibu mno."

"Sijauliza umbali. Usiniambie kilipo. Usiseme chochote, Kipaza. Unaweza?"

Akaanza kutembea. Anahesabu hatua kwa midomo, nikaona midomo inavyokwenda. Mimi nikabaki nyuma, na sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile. Polisi walinikalisha chini kwa saa sita nisiseme nikasema. Wakubwa walinipa barua ya onyo nisiseme nikasema. Sasa kisahani kilikuwa chekundu kabisa kwenye nyasi, mtoto angekiona, na kaka yangu alikuwa anakipita. Kikabaki nyuma yake hatua moja, upande wa kulia. Mbili. Nikaingiza ncha ya mtandio mdomoni nikaiuma.

Akasimama. Akageuza kichwa upande mmoja, taratibu, kisha upande mwingine, akiifagia ardhi kwa pembe za macho. Akarudi hatua tatu. Akainama, mkono ukaenda moja kwa moja.

Hakukiinua juu kunionyesha. Alirudi nacho hadi kwangu, akarusha tena. Safari ya pili alikipita kwa hatua moja. Ya tatu akasimama mbele yake kabisa. Ya nne hakuhesabu. Alikwenda kama mtu anayekwenda kuzima taa ndani ya nyumba yake, na kisahani kilikuwa pale alipokwenda.

Mtandio wangu ulikuwa umelowa.

"Sasa naweza kusema?" nikamuuliza kwa mbali.

"Mpaka nimalize kikapu hiki."

Alikuwa amesimama palepale kilipoangukia, ananipa mgongo. Akasikiliza upepo ukipita kwenye minyororo ya kikapu mbele yake, akageuza bega, akarusha. Kiligonga mlingoti, kikaanguka chini yake kwa kishindo kidogo. Kaka akatikisa kichwa, akaufuata mkoba wake alikouacha, akautupia begani, akaanza kwenda kikapuni kwa mwendo wa mtu mwenye shughuli, bila kunigeukia, mpaka ikabidi nikimbie ili nimfikie.