Maji Yanauma

Hita yetu ya maji imetundikwa bafuni juu ya mlango. Ni tangi jeupe la duara, lina kutu kidogo kwenye mshono wa chini na taa nyekundu ndogo kama jicho la panya. Mume wangu ndiye aliyeifunga kwa mikono yake, enzi zile anaitwa kila nyumba. Mtaa mzima unamjua kwa jina la Fyuzi. Umeme ukimsumbua mtu, watu hawakusema tafuta fundi, walisema mwiteni Fyuzi. Siku hizi hawamwiti sana. Macho yamepungua nguvu, na mkono wa kulia unatetemeka, jambo ambalo sote hapa nyumbani tunajifanya hatulioni.

Hita ilipoacha kupasha, binti yetu, anayeishi nasi yeye na mwanawe wa kike, alisema tununue mpya.

"Baba, hii imekula chumvi nyingi. Iacheni ipumzike."

"Mimi nimekula chumvi kuliko hiyo," mume wangu akamjibu. "Na mimi mtanitupa mnunue baba mpya?"

Tukacheka. Akaburuta kiti cha jikoni mpaka bafuni, akapanda, akaifungua, akabadilisha koili inayopasha maji, akafunika. Kazi ambayo zamani angeimaliza chai haijapoa ilimchukua asubuhi nzima, na hakutaka mtu amshikie hata bisibisi. Jioni maji yakatoka na mvuke. Alizunguka nyumba yote akipiga mluzi.

Kesho yake mjukuu akatoka bafuni amejifunga taulo, mapovu bado masikioni.

"Bibi, maji yanauma."

"Ni ya moto mno?"

"Hapana. Bomba linauma. Linanichomachoma vidole."

Babu yake alimsikia kutoka sebuleni. "Huyo hataki kuoga tu. Sema kweli, hutaki kuoga."

"Nataka."

"Muongo wewe."

Hakusema kwa ukali, alisema huku anacheka. Lakini mtoto alimtazama kitambo, kisha akaenda kuvaa.

Nilipobaki peke yangu nikalowesha mkono, nikashika bomba. Kitu kikanitambaa kutoka vidoleni mpaka kwenye kiwiko, kama siafu. Nikaachia upesi. Nikatoka nikazima swichi, nikaibandika utepe mweusi mtu asiiwashe, nikawatangazia kwamba hita imekufa tena.

Ningemwambia nini? Mtu aliyewasha taa za nusu ya mtaa huu, nimwambie umemtilia mjukuu wako umeme kwenye maji ya kuoga? Binti akarudia wimbo wake wa kununua mpya. Mume wangu akasema hapana, ataifungua tena Jumamosi. Hapo ndipo nilipompigia simu Koleo.

Koleo alijifunza kazi kwa mume wangu tangu ndevu hazijaota. Jina hilo alipewa kwa sababu akishika kitu, uwe waya au uwe mfupa wa nyama, haachii. Sasa ana duka lake na mafundi wake. Nilimweleza yote, nikamwomba apite kama anayekuja kutusalimia. Nikamwomba na jambo jingine, ambalo hata wakati nalisema nilikuwa nanong'ona: akikuta kosa ni la mwalimu wake, aseme hita imezeeka, tununue nyingine.

Akaja Ijumaa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umenenepa, Koleo. Umeme unalipa siku hizi."

"Ni mke tu, Mwalimu, hajui kupika kidogo. Nimesikia hita inawasumbua, nikasema niitupie jicho."

"Umesikia wapi?"

Koleo akanitazama. Mimi nikatazama birika.

Alipanda kwenye kiti kilekile cha jikoni, akafungua mfuniko, akachungulia ndani. Nilisimama mlangoni, mume wangu nyuma yangu. Koleo akapangusa mikono kwenye suruali ingawa haikuwa na uchafu.

"Mwalimu, hii basi tena. Tangi limeoza. Nunueni mpya."

"Limeoza wapi?"

"Ndani huku."

"Tangi likioza linavuja. Mbona sakafu kavu?"

"Bado kidogo litavuja."

"Koleo," mume wangu akasema. "Shuka."

Akashuka. Mume wangu akavaa miwani, akapanda yeye. Nilitaka kumshika kiunoni asianguke, nikajizuia. Macho hayakumsaidia, akatumia vidole, akapapasa waya mmoja baada ya mwingine kama mtu anayechambua mchele. Akautoa ule wa kijani wenye mstari wa njano, unaoupeleka ardhini umeme uliopotea njia. Ulikuwa unaning'inia. Hakuwa ameurudisha kwenye skrubu yake. Kisha akakuta mwingine, ule wenye umeme wenyewe, umebanwa na mfuniko hadi ngozi yake imechubuka, ukivujisha kwenye bati. Ungebanwa kidogo zaidi tu, mtoto asingetoka bafuni. Hakuna aliyeyasema hayo, lakini sote watatu tuliyawaza.

"Mteja mwingine," akauliza bila kugeuka, "ungemwambia tangi limeoza?"

"Hapana, Mwalimu."

"Ungemwambia nini?"

Koleo aliangalia viatu vyake. "Ningemwambia fundi aliyepita hapa asirudi tena."

Mume wangu akatikisa kichwa taratibu, akashuka akishikilia ukuta. Akatoka nje ya mlango, akauona utepe mweusi kwenye swichi.

"Huu ni wako?"

"Ni wangu."

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu mtoto aseme."

Alirudi ndani akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nimeishi naye miaka mingi, nimemwona msibani, nimemwona mgonjwa, lakini sikuwahi kumwona asijue mikono yake aiweke wapi. Aliiweka magotini, akaitoa, akaificha kwapani.

"Nilimwita muongo," akasema.

Maneno yote niliyokuwa nayo yalikuwa ya kumfichia aibu, na hayo ndiyo yaliyotufikisha hapo. Hata hivyo nikasema, "Basi tununue mpya, yaishe."

"Hita ni nzima. Tukiitupa, itakuwa imefukuzwa kwa kosa langu." Akainuka. "Koleo, rudisha hizo waya. Mimi nitakushikia tochi."

Koleo akapanda tena. Akakata pale palipochubuka, akaunga upya. Mwanga wa tochi ulikuwa unachezacheza ukutani, na hakuna aliyeutaja. Mara moja tu, kwa mazoea, Koleo akauliza, "Hapa pamekaza, Mwalimu?"

"Usiniulize mimi."

Kisha mume wangu mwenyewe akaongeza, "Kaza tena."

Akakaza. Wakawasha, wakapima kwa testa. Nikalowesha mkono nikashika bomba, na safari hii nilichosikia ni ubaridi wa chuma tu. Mume wangu akamwita mjukuu. Mtoto akasimama kwenye kizingiti, hakuingia. Babu yake akachuchumaa mpaka macho yao yakalingana.

"Bomba lilikuwa linauma kweli. Hukusema uongo. Babu ndiye aliyekosea waya."

Mtoto akaliangalia bomba, akakiangalia kiti, akamwangalia Koleo aliyekuwa anafunga mkoba wake.

"Nani ametengeneza?"

"Mjomba huyu."

"Siyo wewe?"

"Siyo mimi."

Ndipo akaingia, akanyoosha kidole kimoja, akagusa. Akagusa tena kwa kiganja kizima. Mume wangu alikuwa bado amechuchumaa, tochi inawaka mkononi mchana kweupe, na kidole gumba chake kinahangaika kutafuta kitufe cha kuizima.