Umeme Umekatika, Vua Shati

...na vifungo havifunguki, nesi Esteri anasema harakisha mwalimu, umeme ukikatika hapa Kasulu hatujui unarudi saa ngapi, jenereta imegoma, mashine ya joto ya mtoto wako inapoa, mama yake bado hawezi kuinuka tangu upasuaji, bibi ana kikohozi haruhusiwi kuingia, umebaki wewe, nami nasema siwezi, nesi, nitamvunja, hanisikilizi, ananiwekea tu, kifua kwa kifua, anatufunga kwa kitenge cha mke wangu Ernesta na kukimbilia watoto wengine... kilo moja na robo, mgongo wake wa baridi, baridi kama kijiko, siku mbili nimesimama dirishani huko nje, watu wakadhani naogopa damu, kumbe naogopa sura yake, maana yule mtoto wetu wa kwanza, kule Kibondo, nilimtazama, akanishika kidole, akaishi saa sita, na kidole hiki mpaka leo... joto hutoka penye joto zaidi kwenda penye pungufu, mpaka palingane, miaka tisa naiandika ubaoni, kidato cha pili, na Safina wa dawati la mbele akauliza, sasa mwalimu, huyo anayetoa si atabaki na baridi, darasa likacheka, nikacheka nao, nikamjibu mwili unachoma chakula, Safina, unatengeneza joto jingine, nikafuta ubao, sikujua nasema nini... na leo nimekunywa chai kavu tu, yale maharage ya mama mkwe nimeyaacha mezani, mjinga wewe Lusajo, ungekula, ungekula sufuria nzima... moyo wake unakimbia, wangu unajikokota, mapigo mangapi kwa dakika, nihesabu, hapana, usihesabu, ukihesabu utakuwa unasubiri yasimame... mvua imeanza kupiga bati, nesi mwingine anauliza mafuta ya jenereta yako wapi, mgongo sasa si baridi sana, au ni kiganja changu kilichopoa, kiganja si kipimajoto, hakina namba, sijui, sijui, lo, amejinyoosha, amenipiga teke mbavuni, teke la panzi, nguvu hiyo umeitoa wapi, mwanangu, na hujanyonya hata kijiko... Esteri ananigusa bega, mwalimu, nikupokee, umechoka, na sauti yangu inasema, bado, dada, niache naye, nami nashangaa ni nani aliyejibu, nainamisha uso, namtazama, haya, namtazama, ana paji la Ernesta, kope hazijaota vizuri, mdomo unanyonya hewa, mzuri, mzuri jamani, na iwe ni jioni hii tu au ni miaka themanini sitaki hata dakika moja inipite, mimi ni baba yako, namnong'oneza, wewe ni Atupele, taa bado hazijawaka, sogea hapo kidogo, hivyohivyo, mama, lala.