Fahali wa Kulima

Sitasema uongo: Immaculate aliniudhi kwa kupishwa kwenye foleni. Tangu fahali wao Kamanda ashinde mapigano ya mafahali hapa Khayega, wanawake kwenye mashine ya kusaga walikuwa wakimsogeza mbele na debe lake la mahindi. "Mama Kamanda, pita." Mimi jirani yake nikabaki nyuma nikila vumbi la unga. Siku moja akageuka, akanisalimia huku akinicheka.

"Mulembe, Mama Natasha. Hata wenu ni mzuri. Wa kulima."

Wivu ulinishika. Nilifika nyumbani nikamwambia mume wangu Phineas ampeleke fahali wetu Tulia uwanjani.

"Tulia ndiye anatulimianga," akasema. "Tukimfunga nira na ng'ombe wa ndugu yangu, shamba linaisha siku mbili. Akiumia, Machi tutalima na nini?"

"Kwa hivyo mume wa Immaculate ni mwanaume kukuliko?"

Hilo lilimchoma, na nilijua litamchoma. Siku ya tatu akaanza kumnoa Tulia pembe.

Jumamosi asubuhi tulimsindikiza kwa ngoma za isukuti, nami nikiimba kuliko wote. Tulia, ambaye hakuwahi kumkosea hata mbwa, alimsukuma Kamanda hadi kwenye miwa. Kamanda akageuka, akatoroka. Fahali anayekimbia ndiye aliyeshindwa, kwa hiyo tulikuwa tumeshinda! Nilimtafuta Immaculate kwa macho ili anione. Nilipogeuka tena, Tulia alikuwa amelala chini, mguu wa mbele umemvunjikia shimoni. Watu walimbeba Phineas mabegani huku analia. Kufikia saa saba mchana Tulia alikuwa nyama.

Sasa napishwa mimi. "Mama Tulia, pita." Jana nilipita mbele ya Immaculate, nikasaga debe letu la mwisho.

Leo mvua imenyesha. Nimeinama shambani na jembe la mkono, mistari miwili tangu alfajiri, na mgongo unaniuma. Ng'ambo ya ua Kamanda analima. Baada ya aibu ile hawakuwa na kazi nyingine ya kumpa, wakamfunga nira na ng'ombe wa shemeji yangu, mahali pa Tulia. Immaculate anawafuata, anadondosha mbegu bila haraka. Namwonea wivu hadi machozi, mimi mwenye fahali mshindi.

Ameniona. "Mulembe, Mama Tulia," ananiita, na wala hanicheki.

Afadhali angenicheka.